Samaki ni Samaki

Sokoni Kamembe kuna mwanamke anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, bila kunadi. Wenzake wanapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, yeye amekaa nyuma ya karai lake, mikono mapajani, na ukimuuliza anauza nini anakuonyesha kwa kidole. Wageni husema ana maringo. Wengine husema ni bubu. Nikiwa karibu huwa nawajibu vibaya, maana mimi ni Feza, ua wetu ni mmoja, na ninalijua neno lililomkaa kooni. Zamani, kutoka hapa mpaka daraja la Rusizi, hapakuwa na mwanamke mwenye mdomo kumshinda Maman Béatrice.

Walikuja kwetu, yeye na mumewe Hugues, mwaka tisini na sita Bukavu, ng'ambo ya daraja, upande wa Congo, ilipoanguka vitani. Watu walikimbia na watoto na magodoro. Hugues alivuka daraja na mota ya friji begani, kwa sababu alikuwa fundi wa mafriji na aliona mtu hawezi kuanza maisha bila mota. Alikuwa Mshi, kabila la wenyeji wa Bukavu, mrefu, mwembamba, pua imechongoka, wa aina ambayo siku zile watu waliiuliza kabila kabla ya jina. Mpole kupita kiasi. Kelele zote za nyumba ile zilikuwa za mkewe.

Béatrice alivuka mpaka kila asubuhi kwa biashara yake. Wenzake walificha bidhaa chini ya vitenge. Yeye, akiulizwa kapuni mna nini, alitaja kila kitu mpaka chumvi. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, na alilisema neno hilo mara nyingi mpaka likatuchosha. Hugues alicheka tu. Nadhani ndiyo sababu aliyompendea.

Baada ya Pasaka ya mwaka tisini na nane Hugues alipanda ndege ya mizigo akaenda Kinshasa kutafuta vipuri. Akafikia kwa Muhigirwa, fundi cherehani wa kwao, wakalala chumba kimoja. Simu hatukuwa nayo. Tulikuwa na phonie, ile redio ya kuitana, nyumbani kwa Mulume, mwenye mashine, huko Bukavu: unakaa kwenye benchi, mtu wako anaitwa upande wa pili, unasema, ukimaliza unasema "terminé" ili mwenzako naye apate nafasi. Benchi zima linasikia. Chumba kizima cha Kinshasa nacho kinasikia. Ndiyo maana kwenye phonie kila mtu alisema kwa mafumbo. Mvua maana yake risasi. Wageni maana yake wanajeshi. Mgonjwa akipona, ujue mzigo umefika. Hata bibi wa kanisani alijua kufumba.

Hugues hakujua, au hakutaka kujua. Siku ya kwanza tulipompata, hakuuliza hata habari ya nyumbani. Alisema amewaona samaki wadogo kama kidole gumba, wenye madoa, wa mto mkubwa wa kule. Kila jicho linageuka peke yake. Wakiogopa wanavimba kama kitumbua. Amempata mvuvi atakayemkamatia. Atarudi nao kwa ndege, na mkewe awajengee nyumba ya kioo.

"Unaenda kutafuta mota, unatafuta samaki?" Béatrice alipiga kelele. "Mimi nashindaka na samaki kutwa mzima, na weye unataka niwalaze na chumbani? Terminé!"

Lakini niliona anatabasamu. Tukirudi njiani alikuwa ameshaanza kupima kwa mikono ukubwa wa kioo.

Fundi wa vioo ni mume wangu, Sultani. Tangu tisini na nne kazi haikumwisha, kwa sababu zisizohitaji kuelezwa. Alikuwa na kipande kinene cha dirisha la duka lililoporwa. Akakikata, akaunga pande kwa mastiki ya madirisha, akajisifu. Kabla ya alasiri sakafu ya Béatrice ilikuwa ziwa. Nilimcheka siku tatu. Hugues, tulipomweleza, alicheka mpaka redio ikakoroma, akasema mastiki haiwezi maji, tutafute silikoni, ile wanayobandikia vioo vya magari. Ikapatikana. Safari hii kioo kilishika.

Maji ya ziwa Béatrice hakuyataka. Hakusema kwa nini, wala hatukumuuliza. Sote tuliona ziwa na mto vilibeba nini mwaka ule wa tisini na nne. Akakinga mvua za mwisho za Mei. Akaosha mchanga mpaka maji yakatoka meupe. Mimi nikamletea majani ya majini, Sultani akaleta mawe, na Béatrice akaenda mwenyewe mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Muganza kuokota konokono wadogo. Hugues alikuwa amesisitiza sana konokono. Samaki wale, alisema, meno yao hayaachi kuota. Wakikosa kitu kigumu cha kuvunja, meno yanafunga mdomo, wanakufa na njaa huku chakula wanakiona.

Konokono wa kwanza walikufa wote kwa usiku mmoja. Tulishangaa, mpaka Béatrice akajipiga paji la uso. Alikuwa ametia jaweli, ile dawa ya kuua vijidudu! Sisi hapa, tangu kipindupindu kilipopita, hatuyaamini maji. Kila maji yanayoingia ndani tunayatilia matone ya jaweli, hata ya kuoshea miguu, na mkono wake ulikuwa umeyatia bila kumuuliza. Akamwaga yote, akaanza upya. Maji mapya ni sumu, Hugues alimwambia, yaache yakae mpaka yachoke. Basi tukawa tunayangoja maji yachoke. Mwezi wa saba yakatulia, yakawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo, na konokono wapya wakaanza kutaga mayai kwenye kioo.

Mwishoni mwa mwezi huo hewa ilibadilika. Redio ilisema wanajeshi wa kigeni walioko Congo warudi kwao. Sokoni Bukavu watu walinunua unga kuliko walivyohitaji. Sultani aliletewa kazi ya kubandika karatasi kwenye vioo visipasuke, akanambia bila kunitazama, "Feza, dirisha linajua kabla ya mtu."

Tukaenda kwa Mulume. Benchi lilijaa. Mulume alifunika kinasa sauti kwa kiganja, akamwinamia Béatrice.

"Maman, leo usitaje samaki. Sema nyanya, sema viatu, kitu chochote. Kule Kinshasa banaanza kuogopa hata Kiswahili yenyewe. Banasikilizaka."

"Banasikiliza nini? Samaki ni samaki!"

"Njo kwa sababu hiyo. Hapa kila muntu anaposema kitu anasema kitu ingine. Nani ataamini kama weye unasema samaki na ni samaki?"

"Mulume, niachilie. Mimi sijuiki mafumbo. Njia ya mwongo ni fupi."

Ulimi hauna mfupa. Akamnyang'anya kinasa sauti.

"Hugues! Bako ngapi? Terminé!"

"Sita," sauti ikatoka mbali. "Ni bakali, mama. Banaumana. Ubatafutie mahali pa kujificha nyuma ya mawe, mumoja asione mwenzake. Terminé."

"Banakuya na nini?"

"Na ndege, wiki ya kesho. Bakitishwa banavimba, usibaguse. Chakula iko?"

"Iko mingi! Kila kitu iko tayari huku, tunabangojea! Terminé!"

Mzee mmoja kwenye benchi aliacha kutafuna. Kisha redioni ikaingia sauti nyingine, si ya Hugues, polepole kama ya mtu anayeuliza njia: "Mbisi nini?" Kilingala chetu ni cha kwenye muziki tu, lakini hilo kila mtu alilielewa. Samaki gani? Mulume akazima mashine. Akasema mawimbi yamekatika, na wala hatukumwambia kwamba tulimwona akizima.

Siku chache baadaye vita vikaanza. Bukavu ikabadilisha wenyewe tena, daraja likafungwa, ndege zikapita juu yetu zikiwa zimejaa askari. Redio ikatuambia kwamba ndege nyingine zimewashusha huko magharibi, upande wa Kinshasa, na kwamba Kinshasa wanawatafuta wa mashariki nyumba kwa nyumba, wanatazama pua, wanasikiliza lugha. Nilimtazama Béatrice. Alikuwa anaondoa jani lililooza kwenye maji.

"Hugues ni Mshi," alisema. "Atabaambia."

Daraja lilipofunguliwa tulikuta antena ya Mulume imeng'olewa, na Mulume mwenyewe hajulikani alikokwenda.

Basi akangoja. Hakuna aliyeleta habari, na konokono walizaana. Hawakuwa na wa kuwala. Walianza kwenye mawe, wakapanda majani wakayamaliza, wakafunika kioo, mpaka ukiingia chumbani ulihisi ukuta wa pili unatembea. Nilivichukia vile vidude. Nilimwambia avitupe. Alikataa, alisema Hugues akirudi na samaki wenye njaa atawalisha nini? Akawa anapunguza kwa mkono, anawasaga, anawapa kuku wetu, na kila asubuhi anaongeza maji yaliyopungua. Kuku walinona. Hakuna mtu aliyetaka kula mayai ya kuku wale, nakiri niliyauza.

Mwaka uliofuata, karibu na Krismasi, Muhigirwa alikuja. Alikuwa amevuka mto kwenda Brazzaville, na kutoka huko sijui nchi ngapi. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Béatrice alimkumbatia, akamwekea kiti uani, akamletea chai. Hakuigusa. Nilitaka kuondoka, Béatrice akanishika mkono.

"Bamemchukua, Maman," Muhigirwa alisema. "Mwezi ule ule. Sikumwona tena. Niliuliza kila mahali mpaka nikaogopa kuuliza."

Béatrice alikaa chini.

"Balikuja na muntu wa phonie. Bakamwuliza: hao samaki sita ni bakina nani? Ndege gani inabaleta? Mawe gani banajificha nyuma yake? Chakula ni risasi? Yeye alikuwa anacheka. Alizania ni mchezo. Akasema ni samaki tu, badogo hivi. Bakasema: tuonyeshe. Akasema mvuvi atabaleta siku ya nne, bado bako mtoni ndani ya kapu yake. Kilingala yake ikamwishia, akaanza kujieleza kwa Kiswahili. Unaona? Kwa Kiswahili!" Muhigirwa alijifuta midomo. "Bakasema bibi yake kwenye redio alikatazwa kutaja samaki, akabisha, akapiga kelele kama kila kitu iko tayari. Balisikia yote."

Kiganja cha Mulume juu ya kinasa sauti hakikuwa kimezuia kitu. Béatrice alikuwa bado ananishika mkono, na nilihisi kucha zake.

"Kisha bakaniuliza mimi," Muhigirwa akaendelea, sasa akiongea na kikombe. "Weye unalala naye chumba kimoja, huyu anafugaka samaki? Nikasema mimi sijaona samaki hapa. Ilikuwa ukweli, Maman. Sikuwa nimeona hata moja. Njo bakamfunga." Akakisogeza kikombe kando. Halafu akainua uso, na niliona kwamba amevuka nchi zote zile kwa ajili ya swali moja tu. "Sasa uniambie. Vita iko mbali, hakuna anayesikiliza. Bale samaki balikuwa banani?"

Nilitaka kumpiga kofi. Wallahi nilitaka. Lakini Béatrice alisimama, akafungua mlango wa chumba, akamwashiria aingie.

Kioo cha Sultani kilikuwa pale juu ya meza, upande hadi upande. Mchanga, mawe yaliyopangwa ili samaki wasionane, kipande cha mti kilichojipinda, maji ya rangi ya chai. Na konokono. Muhigirwa alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Alitazama nyuma ya kila jiwe. Alitazama muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu ndani naye hakioni.

"Kumbe ni samaki," alisema. Akakaa sakafuni. "Kumbe ni samaki kweli."

Nilimgeukia Béatrice. Nilingoja ile kauli yake ya njia ya mwongo, nilimngoja apige kelele, amfukuze, amlaani. Alichukua kopo, akaongeza maji yaliyopungua.

Asubuhi yake alikwenda sokoni. Mimi nilikuwa nyuma yake na kapu la nyanya. Alipanga sambaza kwenye karai, akazikung'uta vumbi, na mteja wa kwanza, mwanamke wa Rwimbogo aliyekuwa na haraka, akamuuliza, "Maman, unauza nini?" Nilimwona akifungua mdomo. Akaufunga, akanyoosha kidole.