Vigingi vya Mikima

Kazi yangu ni kupanda miti ya watu na kushuka nikiwa mzima. Kupogoa kunafanyika hapo katikati. Naishi mtaa wa Dallas, mjini Embu, na kazi hunipeleka kila upande: Kiritiri kuna miembe na miti ya miiba, na juu kule Meru kuna makadamia, parachichi na mikima, ile miti mirefu iliyonyooka ambayo kila mkulima wa kahawa ameiotesha mpakani mwa shamba lake. Watu wakisikia kazi yangu huniuliza kwanza kuhusu pawa-so, msumeno wa injini. Wanadhani fundi ni mashine yake. Ninazo mbili, na ni kweli zinakata, lakini siku nyingi hubaki chini na mimi hupanda na msumeno wa mkono uliopinda. Msumeno wa mkono ukigusa kamba unakupa nafasi ya kuondoa mkono. Pawa-so haikupi nafasi hiyo.

Kitu ninachokithamini ni kamba. Nilianza na kamba ya kufungia ng'ombe, kama wenzangu wote, na nikikumbuka nahisi baridi mgongoni. Siku hizi nina mbili za kupandia, moja ya kuteremshia matawi ambayo siichanganyi na hizo hata kwenye gunia, na mshipi unaoshika kiuno na mapaja. Ninavyo pia viatu vya miiba ya chuma, kama vile vya mafundi wa nguzo za umeme, lakini navivaa tu mti ukiwa ni wa kuangushwa. Mti utakaoishi hautobolewi tobolewi. Nimegombana na wateja kwa sababu hiyo na nitaendelea kugombana nao.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa vigingi. Huku kwetu mtu akipogoa mukima hupanda na panga, anakata tawi na kuacha kipande cha urefu wa kiganja, anakikanyaga, anakata tawi linalofuata, hivyo hivyo mpaka juu, ambako anaacha kishungi cha majani. Vile vipande ndivyo ngazi yake ya mwaka ujao. Ni akili nzuri kwa miaka miwili, mitatu. Baadaye kigingi huoza kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima, na uozo unaingia mpaka kwenye shina. Kimoja kiliwahi kunikatikia mguuni, nikaning'inia kwa mikono nikimwita Mungu kwa Kiembu. Tangu siku hiyo mimi nakata karibu na shina na siachi kigingi, na wenye miti hunilaumu kwamba nimewanyang'anya ngazi.

Kwa hiyo nilifurahi, nakiri, mwanamke mmoja anayefanya kazi ofisini hapa mjini aliponipigia simu akitaka vigingi viondolewe. Baba yake, mzee wa miaka sabini na minne, alikuwa akiishi peke yake Githongo, kule Meru, na bado alikuwa akipanda mikima yake saba.

"Fundi, huyu mzee ataanguka," aliniambia. "Tumeongea mpaka tumechoka, hasikii. Wewe enda utoe hizo vigingi zote. Hiyo siku mimi nitampeleka clinic, akirudi akute hakuna ngazi."

"Na akiuliza?"

"Mwambie ni ugonjwa ya miti."

Nilikubali haraka kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilijiambia kwamba si uongo, maana vigingi vya zamani huoza, na kwamba bora mzee akasirike kuliko avunjike kiuno.

Tulifika asubuhi, mimi na shemeji yangu ambaye hunishikia kamba chini. Gari la binti lilikuwa limeshaondoka na mzee. Kwenye kila mti nilipanda nikiwa nimejifunga kwa kamba fupi inayozunguka shina, nikafunga kamba kubwa juu, kisha nikashuka nikikata kigingi kimoja kimoja. Vingine havikuhitaji msumeno, nilivipiga ngumi vikaanguka. Nilikuwa nahesabu vilivyooza kama mtu anayekusanya ushahidi wa kesi yake. Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimemaliza miti sita.

Foleni ya kliniki siku hiyo ilikuwa fupi. Gari liliingia nikiwa nakunywa maji chini ya mti wa saba. Mzee alishuka akiwa na koti na kofia, hakutusalimu. Alipita mti kwa mti, akipapasa shina kila mahali palipokuwa na kigingi, mpaka mkono ulipoishia. Kisha akaja kwangu.

"Fundi, hii miti iko na nini?"

"Ni ugonjwa, mzee. Vigingi vimeoza."

Aliinama, akaokota kigingi kimoja, akakivunja na kutazama ndani. "Ni kweli imeoza," akasema. "Lakini hiyo si ndiyo ilikuleta."

Alimtazama binti yake. Binti alikuwa anatazama simu. Nilitamani kuwa na simu mkononi mimi pia.

Mzee alivua koti, akaingia stoo, akatoka na panga. "Hii moja imebaki nitapanda mwenyewe."

"Daddy, please," binti akasema.

Mzee alikuwa tayari ameweka mguu kwenye kigingi cha kwanza. Nilijua hali ya vigingi vile kuliko mtu yeyote pale, nilikuwa nimetoka kuvipiga ngumi. Ningeweza kumshika mkono na kumshusha, na shemeji angenisaidia. Nilimwomba badala yake anipe dakika kumi.

Nilipanda, nikafunga kamba juu bila kukata kitu, nikashuka, nikavua mshipi wangu.

"Ukipanda, mzee, utapanda na huu. Na panga ibaki chini."

"Fundi, hii sio kazi nilikuitia," binti akasema.

"Najua, madam."

Mzee alisimama nikimfunga mikanda ya mapaja, akiwa ameinua mikono kidogo kama mtu anayepimwa suti. Nilimfungia msumeno wangu wa mkono kiunoni kwa kamba nyembamba. Kisha nikashika kamba kubwa mimi mwenyewe. Sikutaka kumwachia shemeji.

Alipanda polepole, akigonga kila kigingi kwa mguu kabla ya kukiamini. Viwili vilikatika. Mara zote mbili kamba ilimshika, na mara zote mbili alitafuta kingine. Alipofika kwenye kishungi alikaa muda mrefu.

"Mzee, kuna shida?"

"Hapana. Ngoja."

Tulingoja. Sijui alikuwa anatazama kahawa yake, au barabara ya sokoni, au hakuwa anatazama kitu. Baada ya hapo nikasikia msumeno. Nilidhani anakata tawi. Kikaanguka kigingi, kile cha juu kabisa.

Alishuka hatua moja, akakata kingine. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwelekeza pa kupitisha msumeno, nikaufunga, kwa sababu alikuwa ameshaisoma ile miti yangu sita na alikuwa anakata vizuri kuliko mimi. Kila kigingi alichoshukia alikiondoa akishakipita. Ilichukua karibu saa nzima. Binti alikuwa ameweka simu mfukoni na alikuwa analia bila sauti.

Mzee alipogusa ardhi alijifungua mikanda mwenyewe, akanikabidhi msumeno kwa upande wa mpini. Nyumbani kwake watu huongea Kimeru, na binti yake alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Lakini aliongea Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Si mngeniuliza," akasema.