Harusi Isiyo na Bwana Harusi

Swabaha wa Bondeni, yule muuza mahamri, alikuwa na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Halafu akanyamaza. Ukimwamkia aitikia tu, macho kwenye karai. Wengine wakasema kaingia kiburi, wengine wakasema ana mume wa siri. Mtaa wetu huo, hauwezi kukaa bure.

Ukweli ulikuwa nyuma ya mlango, na mimi amenihadithia mwenyewe. Mamake, Bi Mwanabaraka, alishikwa na maradhi ya kusahau. Yuwaitisha chai, akimaliza yuwaitisha chai, na akiambiwa ameshakunywa alia kwamba mwanawe amnyima. Jioni afunga nguo zake ataka kurudi kwao, na kwao ndipo hapo hapo. Swabaha hakumwambia mtu. Aliona aibu mama aliyeheshimiwa vile aonekane njiani na buibui nyuma mbele. Basi akanunua kufuli, na ufunguo akaufunga pindoni mwa leso, kiunoni, hata akilala.

Kulala kwenyewe hakukuwapo. Moyo ulimwenda mbio naye amekaa. Siku nyengine alijifungia chooni akafungua mfereji, akalia mpaka ndoo ikafurika. Nduguye, Mzamil, kila Ijumaa alikuja kutoka mtaa wa Tudor na halwa yake, akakaa kidogo, akasema mbona mama mzima tu, Swabaha ndiye apendaye wasiwasi. Akitoka, mama auliza yule bwana alikuwa nani.

Sasa, lazima mjue jambo moja. Zamani Bi Mwanabaraka ndiye aliyekuwa mwalishi wa mtaa. Kukiwa na harusi, yeye ndiye aliyetumwa nyumba kwa nyumba kuwaalika wanawake kwa mdomo. Kadi ni za juzi. Mwalishi akisimama mlangoni kwako akakwambia karibu, umealikwa, na usipokwenda mwenye neno ni wewe.

Alhamisi moja Swabaha aliposujudu kwenye adhuhuri, usingizi ukambeba pale pale, paji la uso kwenye msala. Mama akamsogelea, akalifungua lile fundo la leso taratibu, akatwaa ufunguo, akatoka. Alipita milango yote mpaka karibu na msikiti. Kila nyumba aliwasalimia mmoja mmoja, wazima na wagonjwa wakaulizwa hali, kisha akasema, "Jumapili, baada ya alasiri, kwetu. Namuoza Swabaha." Akiulizwa bwana ni nani, alijibu watamuona huko huko. Akarudi zake akakaa kitandani. Swabaha alipozinduka aliona mlango wazi, ufunguo kwenye kufuli, na mama yupo, akashukuru Mungu kwamba hakutoka, akafunga. Hakujua lolote. Na watu waliokuja kununua mahamri nao wakamnyamazia, wakingoja aseme mwenyewe. Hakusema, wakazidi kuamini.

Jumapili Swabaha yuko uani akanda unga, akasikia hodi. Kufungua, kichochoro chote kimejaa wanawake. Wananukia udi, mikono ina hina, wengine wameshika pembe za kupigia vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi. Mbele yao Bi Nasiha, jirani wa ukuta mmoja.

"Bibi harusi gani huyu, unga mpaka masikioni," akasema. "Haya, tuonyeshe huyo mume uliyemficha."

Swabaha akauliza mume gani, akaambiwa walialikwa na mamake. Akageuka. Bi Mwanabaraka alikuwa tayari nyuma yake, amejitanda leso mpya, awalaumu wageni kwa kuchelewa.

Swabaha akaketi pale pale kizingitini.

"Hakuna mume," akasema. "Niliyemficha ni mama. Kuna wakati hata mimi hanijui. Na mimi nimechoka, Bi Nasiha. Nimechoka hata siku nyengine naogopa nitampiga."

Bi Nasiha akavua viatu.

"Sisi tumeshavaa, mwanangu. Turudi wapi? Sogea tupite."

Wakaingia wote. Vugo likapigwa, na Bi Mwanabaraka akakaa kati, yeye ndiye mwimbishaji, ubeti juu ya ubeti bila kukwama. Alipoitisha chai akapewa. Akaitisha tena, mwengine akampa. Hakuna aliyemwambia ameshakunywa. Nyevu, mpangaji wa juu, aliyewahi kumlea nyanyake mwenye maradhi kama hayo, akamfunza Swabaha asishindane naye. Mama akitaka kwao, mwulize kwao kukoje, atakaa akuhadithie. Wengine wakamgombeza kwa kuficha, wakigombeza huku wapangiana nani atakuja Jumatatu na nani Jumanne kukaa na mama. Bi Nasiha akampigia simu Mzamil, akamwambia Ijumaa aje na nguo za kulala, halwa aiwache huko huko.

Ilipofika zamu ya kumuimbia bibi harusi, hayuko. Wakamtafuta, wakamkuta kitandani mwa mamake, amelala kinywa wazi, unga umemkaukia mikononi. Msichana mmoja akataka kumwamsha. Bi Mwanabaraka akamshika mkono.

"Simjui ni wa nani," akasema, "lakini muacheni alale, maskini. Atakuwa katoka mbali."

Akarudi kati akashika pembe yake. Wakapiga vugo mpaka karibu na magharibi, na Swabaha hakugeuka hata ubavu.