Glasi Iliyomeguka

Katika duka la vitu vya kale huko Kensington, mama mmoja Mkongo aliweka kauntani glasi ya Kiingereza yenye nakshi za kuchongwa, iliyotengenezwa kati ya vita vile viwili vikuu. Kanisani kwao ndiyo iliyokuwa kikombe cha meza ya Bwana. Wazee walimtuma aiuze, wapate viti.

Mkusanyaji wa glasi za aina hiyo, Mkenya mstaafu aliyekuja kuitazama ainunue, alipitisha kidole ukingoni. "Imemeguka, mama. Mliinywea?"

"Kila Jumapili, papa. Sisi wote."

"Basi siitaki."

Mama akaifunga tena katika kitenge, polepole, kama anayevisha mtoto. "Asante, papa. Njiani kote niliomba usiipende."

Nimechoka na mizani zetu za kupimia thamani, ndugu zangu. Siku ile Bwana hatauliza kama kikombe kilikuwa kizima. Atauliza nani alinyweshwa.