Maharage Kitandani kwa Bibi

Mama yangu alikuwa na wembe aliouweka juu ya kabati kwa kazi moja tu: kupasua njiti za kiberiti. Kila njiti ilizaa mbili, nyembamba kama nywele, na nyingi zilivunjika kabla ya kuwaka, lakini hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Masalio ya sabuni aliyakanda pamoja yakawa donge la rangi tatu. Baba, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwa mwenye duka mmoja wa mtaa wetu wa Nyamirambo, alikuwa akitania kwamba mkewe angeweza kukamua mafuta kwenye kikaango kilichokwisha oshwa.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Vita vilikuwa kaskazini, mbali na sisi, lakini bei zake zilikuwa zimeshafika sokoni. Watu waliacha kushona nguo mpya, wakawa wanamletea Baba za zamani azigeuze ndani nje. Makaa ndiyo yalimuuma Mama kuliko vyote. Maharage yetu yalihitaji nusu siku juu ya mbabura, lile jiko la makaa lililokaa uani, na kila alipoongeza makaa alivuta pumzi kama mtu anayetiwa spiriti kwenye kidonda.

Siku moja alirudi kutoka soko la Kicukiro akiwa na furaha ya ajabu. Mama mmoja muuza maharage alikuwa amemfundisha kupika bila moto. Unayaloweka usiku kucha, unayachemsha kidogo, kisha unaifunika sufuria vizuri na kuizungushia nguo nzito mpaka joto lisiwe na pa kutokea. Maharage yanajiiva yenyewe.

“Yanajiiva yenyewe,” Baba alirudia polepole. “Na kula yatajila yenyewe?”

Mama alichukua gunia la vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani, akatafuta mahali pasipopigwa na upepo. Mahali penyewe pakawa kitanda cha Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa ameenda Butare kumtembelea binti yake. Kesho yake, saa nne asubuhi, sufuria ilitoka jikoni ikitokota, ikalazwa katikati ya godoro, ikazungushiwa vitambaa, ikafunikwa shuka, kisha blanketi la Bibi, lile la kahawia lenye mistari. Mama akaweka mto upande mmoja ili joto lisivuje, akarudi nyuma kutazama kazi yake.

Akanigeukia mimi, mtoto wake wa kwanza, niliyekuwa na miaka tisa.

“Nampelekea baba yako chakula, kisha nitapitia sokoni. Usifunue. Mtu asiguse. Na usimwambie mtu yeyote kwamba tumeishiwa makaa. Unanisikia?”

Nilimsikia. Nikaketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba, kama askari.

Adhuhuri ilipokaribia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akaja kuazima chekecheo. Alikuwa mwanamke mwema mwenye macho yasiyotulia. Akachungulia juu ya kichwa changu, akaona blanketi la Bibi limetuna.

“Mukecuru imerudi?” aliuliza, yaani yule bibi kizee.

Ni lazima niseme kidogo juu ya Kiswahili chetu cha mtaani. Sisi hatukusumbuliwa na ngeli. Mtu iko, mbuzi iko, sufuria iko. Kwa hiyo niliposema yale niliyoyasema, sikusema uongo hata neno moja.

“Usishike,” nilimwambia, maana alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea blanketi. “Mama amesema isifunuliwe. Iko na joto sana.”

“Maskini! Tangu lini?”

“Tangu saa nne. Asubuhi ilikuwa inachemka.”

“Inachemka! Na imekula?”

Swali hili lilinishangaza. Sufuria itakula nini? “Hapana,” nilisema.

“Imesema neno lolote?”

“Ilinguruma kidogo, halafu ikanyamaza.”

Jirani aliweka mkono kifuani, akaondoka bila chekecheo.

Alasiri ilipofika, sebule yetu ilikuwa imejaa. Wanawake wa mtaa mzima walivua viatu mlangoni, wakaingia na sukari, na sabuni, na chupa ya uji wa mtama. Maalim wa chuo chetu cha Kurani alisimama kando ya pazia la chumba cha Bibi akisoma dua kwa sauti nzito. Nilitamani kusema. Lakini kusema ilikuwa ni kutaja makaa, na makaa nilikuwa nimekatazwa. Nikabaki kwenye kigoda changu nikitokwa na jasho kuliko ile sufuria.

Mama mmoja mnene, aliyejulikana kwa kukanda wajawazito, alipita na kuweka kiganja juu ya blanketi kabla sijamzuia. Akakiondoa haraka.

“Tumbo,” alinong’ona, “limekuwa gumu kama chuma.”

Wenzake wakaitikia kwa kuguna, na mmoja akaanza kulia.

Hapo ndipo Mama aliporudi. Aliona viatu, akaangusha kapu, akaingia mbio akiita jina langu. Aliponikuta mzima aliniminya hadi nikakosa pumzi. Kisha akatazama sebule, akatazama sukari, akatazama kitanda, na nikaona uso wake ukielewa kidogo kidogo. Angeweza kusema kweli pale pale. Badala yake, mbele ya wanawake wale wote na Maalim, Mama yangu aliyepasua njiti za kiberiti aliona aibu ya kuitwa maskini. Akajifunga mtandio vizuri, akaketi.

“Asanteni,” alisema. “Mungu awalipe.”

Nadhani alikusudia kungoja waondoke. Mpango huo ungefaulu, kama basi la Butare lingechelewa.

Bibi aliingia akiwa na mkoba wake, mkungu mdogo wa ndizi na hasira ya safari. Njiani walikuwa wamesimamishwa mara tatu kukaguliwa vitambulisho. Alipoona viatu alisita, akasogeza pazia la mlango, akauliza kwa sauti iliyofika barabarani:

“Nani amekufa?”

Mama mnene alipiga ukelele, akajificha nyuma ya Maalim. Maalim mwenyewe alirudia neno moja la dua mara nne kama aliyekwama. Jirani yetu alimnyooshea Bibi kidole, kisha akanyooshea kitanda, kisha Bibi tena.

“Ni wewe,” alisema. “Wewe iko mgonjwa.”

Bibi hakuwa mtu wa kubishana. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akavuta blanketi, akavuta shuka, akatupa vitambaa huku na huku, akafunua mfuniko. Mvuke ulipanda. Chumba kizima kikanukia kitunguu.

Kisha Bibi akachovya kidole, akaonja.

“Yameiva,” alisema. “Lakini hayana chumvi.”

Sikumbuki nani alianza kucheka, ila namkumbuka Maalim akijipangusa macho kwa mkono wa kanzu. Mama alilia kwanza, ndipo akacheka. Akawaeleza yote, makaa na aibu yake, na hapo kila mwanamke akaanza kukiri ya kwake. Mmoja alikuwa akipika kwa maganda ya mihogo. Mwingine alikuwa hapiki kabisa siku mbili kwa wiki, akiwaambia watoto kwamba wamefunga sunna. Mama alikwenda kuleta chumvi na sahani.

Tulikuwa katikati ya kula Baba alipotokea akihema, futi ya kupimia ikining’inia shingoni. Mteja alikuwa amempa pole ya kufiwa na mama. Alisimama mlangoni, akamwona marehemu ameketi chini anamega ndizi.

“Umeacha kazi uje kunizika?” Bibi alimwuliza. “Kaa ule kwanza.”

Mama alitaka kurudisha sukari na sabuni kwa wenyewe. Bibi alikataa katakata. Zililetwa kwa ajili ya ugonjwa wake, na hakuna aliyemwuliza kama angependa kuugua. Wiki iliyofuata, wanawake sita walipanga foleni barazani kwa Baba wakiomba vipande vya vitambaa. Alivigawa bure siku ya kwanza. Siku ya pili Mama akaenda kukaa naye, akiwa na kopo la kuwekea pesa.