Neno Moja la Kiitikio

Mume wangu ni mtu mwenye akili. Ana shahada mbili, ana ofisi yenye dirisha kule Plymouth, hapa Marekani, na ana wimbo mmoja ambao kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yetu ameuimba vibaya kila Jumamosi akipiga pasi.

Wimbo wenyewe ni wa bendi moja ya disko kutoka Ulaya, wale waliovaa suruali za kumetameta huku wakicharaza magitaa ya rock kama watu waliokosana na majirani. Aliujua akiwa shule ya bweni, Iringa, kwenye kaseti. Katika kiitikio, mwanamume anamwomba mpenzi wake kwa Kiingereza amruhusu amtazame usiku kucha: “woch”. Mume wangu huimba “wosh”. Yaani anaomba kumwosha. Usiku kucha.

Mimi ni mkalimani wa hospitali. Nalipwa kusikia tofauti ya neno na neno, kwa hiyo nilijitwika kazi ya kumsahihisha bila malipo. Nilimsahihisha jikoni, nilimsahihisha mbele ya wageni, na mara moja, Mungu anisamehe, nilimsahihisha kwenye msiba.

“Kwenye kaseti ni kuosha,” alikuwa akisema, bila hasira.

“Baba, nani anamwosha mpenzi wake usiku kucha? Huyo ni mpenzi au sufuria?”

Wageni walicheka. Yeye alikunywa chai yake.

Kiangazi kilichopita tukasikia bendi hiyohiyo inakuja Richfield, kupiga bure kwenye bustani, Jumamosi saa nane mchana. Ukiona bendi iliyowahi kujaza viwanja vya mpira inapiga bure kati ya gari la soseji na maonyesho ya mbwa, ujue maisha yanaendelea, ila yamepoa. Mume wangu alinyoa ndevu. Binti yetu wa miaka kumi na sita, tulipomwalika, alijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, kwamba afadhali ang'olewe jino.

Tukaenda wawili. Jukwaani walipanda watano, na wa zamani alikuwa mmoja tu, mpiga gitaa, mzee wa nywele nyeupe hadi mabegani, suruali yake ikimeta kwa shida. Mwimbaji alikuwa dada ambaye wimbo ulipotoka, nadhani mama yake alikuwa bado hajaolewa. Walipofika kwenye kiitikio nikatega sikio. “Woch!” Wazi kabisa, kwenye spika zote. Nikamgeukia mume wangu taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. Alikuwa amefumba macho, anaimba “wosh” kwa nguvu zake zote.

Hapo nilipaswa kuridhika. Sikuridhika. Baada ya onyesho mpiga gitaa alikaa mezani akiuza fulana na kuzisaini, nami nikamvuta mume wangu hadi pale. Nilitaka hukumu rasmi.

Nikaeleza kesi yetu yote. Mzee akasikiliza, akaweka kalamu chini, akamtazama mume wangu.

“Wewe uliusikia wapi?”

“Tanzania, kwenye kaseti. Ile rekodi ya kwanza.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema siku waliyorekodi hakuna hata mmoja wao aliyejua Kiingereza. Mwimbaji wao wa wakati ule aliyasoma maneno kwenye karatasi kwa matamshi ya kwao, akaosha wimbo mzima, na rekodi ikatoka hivyohivyo. Baadaye, walipoanza kupigia watu wanaojua Kiingereza, wakachekwa, ndipo wakabadilisha.

“Mumeo ana sikio zuri,” akaniambia. “Wewe umewahi kuisikiliza ile ya kwanza?”

Sikuwahi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimetegemea toleo nililolisikia redioni, hapahapa Marekani. Mkalimani mwenye cheti.

“Hebu imba,” mzee akamwambia mume wangu.

Na mume wangu, ambaye kwenye mikutano ya kazini husema maneno manne, akaimba palepale mezani, na mzee akamwitikia kwa sauti ya pili. Watu wenye soseji mkononi wakasimama kuwatazama. Niliona aibu, halafu nikaona jambo ambalo sikulitarajia: mume wangu alikuwa anapendeza.

Ndani ya gari nilisubiri anikejeli. Badala yake akanisimulia kwamba bwenini yeye ndiye aliyekuwa akisimamisha kaseti, anairudisha nyuma, anaandika maneno kwenye daftari ili wenzake waweze kuimba.

“Ile sehemu niliirudia mara nyingi sana,” alisema. “Nilijua ni kuosha. Sikujua tu kwa nini.”

“Sasa mbona hukunibishia?”

“Ulikuwa unafurahi.”

Nikamwomba radhi tulipokaribia kutoka barabara kuu kuingia Brooklyn Center, tunakoishi, kwa sauti ndogo. Akaniomba nirudie, eti hakusikia. Alisikia.

Siku hizi kila mgeni akija, mume wangu anamsimulia habari hiyo. Katika masimulizi ya mwanzo mpiga gitaa alimshika mkono tu. Kufikia Krismasi alikuwa amemkumbatia. Jumapili iliyopita, mbele ya shemeji zangu wawili, mzee wa watu alilia. Shemeji mmoja akanigeukia kuuliza kama ni kweli.

“Alilia sana,” nikasema, nikaenda kuongeza maji kwenye birika.