Mama Mkwe Kwenye Bembea Yangu

Jamani, leo mama mkwe amepanda bembea niliyoichomelea mwenyewe.

Mnajua tunapanua ile bustani ya michezo hapa Koboko. Bembea kubwa, umbo la mtumbwi, tumeimaliza jana. Leo ni kuijaribu. Mtu hapandi kwanza. Unapakia magunia mazito, unawasha mota, unasikiliza vyuma.

Magunia ya mihogo niliyaazima kwa mama mkwe, kule kwake Kuluba. Kumbe na yeye amekuja nayo!

Magunia yalibembea vizuri kabisa. Nikawaambia vijana washushe. Kugeuka, mama ameshakaa ndani.

"Mihogo yangu imepanda. Mimi je?"

Sasa mkanda nani atamfunga? Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata kumtazama usoni ni shida. Ningefanya nini? Niambieni!

Nikageukia ukuta kwenye swichi, nikamwambia askari wa geti: "Mwambie mama avute mkanda mpaka ulie."

Mama yuko hapo hapo, anasikia kila kitu, lakini anasubiri askari arudie. Heshima ni heshima.

Nikawasha. Akapiga kelele moja kali.

Nikazima haraka. Nimefumba macho, nawaza nitamwambia nini mke wangu.

Askari akaniita: "Fundi, mama anasema..."

"Anasema nini?"

"Anauliza mbona umesimamisha."

Nikawasha tena, nikicheka na ukuta.