Siku Kompyuta Yangu Ilipompima Kadzo

Wasomaji, nichekeni tu, nimestahili. Mwezi uliopita niliwaleta hapa Malindi wanafunzi wangu wa chuo kikuu, pamoja na kompyuta, chombo ambacho wengi hapa hawajakiona kwa macho. Nilitaka kuwaonyesha jinsi inavyojifunza kutambua maradhi kwa kulishwa mifano ya wagonjwa. Mifano nilikuwa nimeikusanya mwenyewe.

Asubuhi moja Kadzo, mwanafunzi mzaliwa wa Kakuyuni, kijiji cha jirani, alikuja ameshika tumbo.

"Mwalimu, nina homa na natapika. Naomba niende hospitali."

Badala ya kumruhusu, nilifurahi. Mgonjwa halisi! Nilimkalisha mbele ya darasa, nikaiandikia kompyuta dalili zake. Ikajibu: MALARIA. Wanafunzi wakapiga makofi, nami nikainama kama mwimbaji wa taarabu. Nikampa klorokwini, dawa ya malaria, nikamwambia akalale.

Jioni alizimia. Tulimkimbiza hospitali, akapasuliwa. Baba yake alifika kutoka shambani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mwalimu, kwa kumtunza mwanangu."

Daktari akatoka, uso umemkunjamana.

"Mzee, ataishi, lakini ilibaki kidogo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Nani alisema ni malaria?"

"Kompyuta yetu," nilijibu, bado nikijikaza kisomi.

"Inajua maradhi mangapi?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile mifano. Wagonjwa wote niliowakusanya walikuwa wa malaria. Mzee alinitazama, akisubiri nimjibu daktari.

"Moja," nikasema.

Akauachia mkono wangu.